Mtoto Anayetaabika na Jinsia Yake: Amana ya Mhudumu na ya Mzazi

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali yatufikiayo kutoka kwa familia za Waswahili walioko Uingereza ni hili: Je, yafaa kwa Muislamu aliyesomea tiba kwa vitendo kuajiriwa katika huduma ya watoto wanaotaabika na jinsia yao, yaani mvulana asemaye kuwa yeye ni msichana, au msichana asemaye kuwa yeye ni mvulana? Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi na tulifahamu kwanza.

Huduma ya kwanza ya namna hii nchini humo ilianzishwa London mwaka 1989, na baadaye ikajulikana sana kwa jina la Tavistock. Mwaka 2011/12 watoto waliopelekwa huko walikuwa takriban 250. Mwaka 2021/22 walizidi 5,000. Dkt. Hilary Cass, bingwa wa magonjwa ya watoto, alipewa kazi ya kuichunguza huduma hiyo, na ripoti yake ya mwisho ilitoka Aprili 2024. Alieleza kuwa ushahidi wa kitabibu juu ya dawa za kuzuia kubaleghe ni dhaifu, na kwamba wengi wa watoto hao wana mambo mengine yanayowasumbua, kama usonji, huzuni na wasiwasi, ambayo hayakupewa uzito uliostahiki. Wapo madaktari na familia walioipinga ripoti hiyo. Hata hivyo Tavistock ilifungwa Machi 2024, vikafunguliwa vituo vipya chini ya hospitali za watoto, na Desemba 2024 serikali ikatangaza kuendelea kwa zuio la kuwaandikia dawa hizo wagonjwa wapya walio chini ya miaka 18, isipokuwa katika utafiti.

Ama mtaalamu wa tiba kwa vitendo, huyu hata katika hospitali zetu yupo: ndiye amfundishaye aliyepooza kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Si kazi yake kuandika dawa, wala hapasui. Yeye huuliza: mtoto huyu ameshindwa kufanya nini katika siku yake? Halali usiku? Hali? Haogi kwa kuuchukia mwili wake? Haendi shule kwa kuogopa chumba cha kubadilishia nguo? Mwenye usonji huenda mshono wa nguo tu ukamuunguza kama moto, na kelele za darasani zikamtoa machozi. Mtaalamu hukaa naye, akapanga naye saa za kulala, akamtafutia vazi asiloumia nalo, akazungumza na walimu wake, na hatua kwa hatua mtoto akarejea katika maisha.

Tukija kwenye sharia, Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 1989, liliamua kuwa aliyekamilika uume au uke haijuzu kwake kubadilishwa, bali khuntha, aliyezaliwa na maumbile yenye kutatiza, yajuzu kwake kutibiwa. Huko Iran wanazuoni wa Kishia wamekuwa na rai nyingine tangu zama za Ayatollah Khomeini, lakini rai ya wengi katika Sunni ni hiyo tuliyoitaja, nasi ndiyo tuishikayo.

Lakini hukumu juu ya tendo si ruhusa ya kumdhalilisha mtu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kuwa mwanamume mwenye mwenendo wa kike kwa maumbile yake, bila kujitia, hana lawama wala dhambi. Ikiwa mtu mzima ana udhuru huo, sembuse mtoto ambaye kalamu bado haijaanza kumwandikia?

Kwa hiyo twasema: kumsaidia mtoto alale, ale, aoge, asome na asijidhuru ni wema, na ujira wake ni halali. Ama kushiriki katika kuubadilisha mwili uliokamilika, hapo ndipo ulipo mpaka. Muislamu aingiaye kazini humo auseme mpaka wake kwa mwajiri mapema, kwa adabu na uwazi, kabla mtoto hajawekwa mbele yake. Aitunze siri ya mgonjwa, maana ni amana. Asimdanganye mtoto wala asimcheke. Akiona hawezi kuyatimiza haya, basi na atafute kituo kingine cha kazi, kwani mtoto aliye taabani hastahili kuhudumiwa kwa moyo wa chuki.

Enyi wazazi, neno letu la mwisho ni kwenu. Tumesikia ya mzazi aliyempiga mwanawe kwa maneno haya, na ya aliyemfukuza nyumbani. Fimbo haijibu swali, na aliyefukuzwa hukutana na watu tusiowajua. Sura At-Tahrim aya ya 6 imetuamrisha kuwakinga ahli zetu na moto; vipi tutamkinga tuliyemfungia mlango? Msikilizeni mwana hadi amalize. Mwulizeni yale aulizayo mtaalamu: umelala? umekula? nani anakuonea shuleni? Mpelekeni kwa daktari bingwa wa watoto, na mhudhurie pamoja naye, muulize kila dawa ni ya nini na ina madhara gani. Msiharakishe kukubali, wala msiharakishe kukata tamaa. Na swala ya usiku msiiache.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awape wahudumu wao hekima, na atupe sisi wazazi subira. Wallahu aalam.