Kuchagua Mto wa Kushuka kwa Boti la Mpira

Vikundi vinavyopanga kushuka mto kwa boti la mpira vinashauriwa kuchagua mto kwa kumzingatia mwenzao asiye na uzoefu, si aliye hodari. Ukali wa maji hupimwa kwa viwango, 1 hadi 6. Cha 6 ndicho hatari zaidi. Mto Tana, karibu na Sagana, una sehemu tulivu za kujifunzia kabla ya maji makali. Mathioya ni mwembamba wenye mteremko mkali, hivyo unawafaa waliozoea. Mvua ikinyesha Aberdare au Mlima Kenya, maji huweza kupanda ghafla hata Sagana kukiwa na jua. Mwelekezi akisema maji yamezidi, safari iahirishwe. Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha na helmeti.