Jina la Mchezo

Wako wadhanio kwamba kutunga michezo ni kazi ya mtu asiye na kazi. La, sivyo. Bibi Leslie Scott alizaliwa Tanganyika mwaka 1955. Mchezo wa vipande vya mbao uliochezwa nyumbani kwao aliutengeneza vizuri, akauonyesha London mwaka 1983. Vipande ni 54, navyo hupishana unene kidogo mno. Ndiyo sababu vingine huchomoka upesi, vingine hukwama. Wafanyabiashara walipotaka jina lake geni libadilishwe, alikataa katakata. Jina hilo ni “Jenga,” nalo mtoto wa Soweto Magharibi, huko Kibera, hulielewa bila kufunzwa. Basi, msomaji, mchezo wa nyumbani kwenu usiudharau, wala lugha yako usiionee haya.