Tutapanga Mpaka Lini?

Msafiri atokaye Lubero kwenda Butembo huvuka mstari wa Ikweta bila kujua, maana hakuna joto la kumwonya. Juu ya milima ile watu hutembea na makoti. Lakini jambo moja halimpiti: moshi. Huko mabondeni vijana wachoma matofali, na barabarani wenzao wasukuma chukudu zilizolemewa na matofali hayo, jasho likiwatiririka.

Zamani tuliwacheka watu hawa. Tulisema: Mbona yule bwana hana hata kitanda kizuri, naye ana matofali elfu mbili uani kwa shemeji yake, yamefunikwa majani ya migomba? Leo hatucheki tena. Yule bwana ana benki yake, na benki hiyo imewashinda wengi waliojidai kuwa wajanja.

Wazee wetu walifundishwa na fedha zenyewe. Mwishoni mwa 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili. Aliyekaa mbali na benki, naye ameficha mauzo ya kahawa chini ya godoro, alibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Mwanafunzi ajuaye kuzidisha na azidishe. Ataona kwamba faranga moja ilichukua mahali pa zaire za kwanza bilioni 300. Na kule Kinshasa, 1990 na 1991, maelfu ya watu walipeleka akiba zao katika mchezo wa Bindo, ulioahidi kuzizidisha fedha kwa majuma machache. Mchezo ukaanguka, akiba zikaanguka nao.

Basi asilaumiwe mtu wa Butembo akiweka akiba yake katika tofali, au katika dola. Na dola nayo ina adabu zake: noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, mwenye duka hairudishia macho mara ya pili. Kwa hiyo wako wanaozilaza noti zao ndani ya kitabu kikubwa, kama maua ya kukaushwa.

Sasa tuitazame jamaa changa. Wameoana miaka mitatu iliyopita, wana mtoto mmoja, awe Paluku au Masika. Wamepanga vyumba viwili. Bwana ni mwalimu, au seremala, au ana pikipiki ya kubeba watu. Bibi auza viazi na vitunguu sokoni. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si wa mtu fulani. Wote wawili pamoja wapata dola 120 kwa mwezi, na kodi ya nyumba ni dola 20. Katika miaka mitano watakuwa wamempa mwenye nyumba dola 1,200. Hatusemi kwamba kupanga ni aibu. Sisi pia tumepanga. Twasema tu kwamba hesabu hiyo ifanywe, iandikwe, isomwe na wote wawili.

Na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Bwana hamwambii bibi mshahara wake. Bibi hamwambii bwana faida ya viazi. Kila mmoja ana kijifuko chake, na kila mmoja adhani mwenzake ana fedha zaidi. Mwisho wa mwezi waulizana kwa hasira unga umekwenda wapi. Daftari moja la shule, la kurasa 100, laweza kuponya mengi. Upande mmoja yaingiayo, upande mwingine yatokayo, na Jumapili jioni, mtoto akisha lala, wasome pamoja. Mara ya kwanza watagombana, twajua. Pombe ya bwana itaonekana, na vitenge vya bibi pia. Mara ya nne watakuwa wakitafuta njia ya kupata dola 15 za kuweka akiba kila mwezi, yaani dola 180 kwa mwaka.

Ziwekwe wapi? Likelemba yafaa kwa kitu kimoja kinachojulikana: watu kumi watoe 15 kila mwezi, na mwezi wa zamu yako upate 150 mara moja, ununue mbao. Lakini haizai kitu, na aliyepokea kwanza akihama mji, wa mwisho atalia. Vyama vya akiba na mikopo vya vijijini, vile viitwavyo AVEC, vina ulinzi zaidi: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zahesabiwa mbele ya wote, na mfuko mdogo wa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko, baada ya mwaka hivi, fedha zagawanywa. Kikundi chenye akili hupanga siku ya kugawana iwe kabla ya kiangazi, maana kiangazi ndicho kipindi cha matofali. Coopec nazo ni nzuri, ila uliza kwanza kama ina kibali cha Banki Kuu ya Kongo; asiyeweza kukuonyesha kibali usimpe hata faranga. Mkopo wa faida ya kila mwezi twauona unafaa kwa biashara kuliko kwa nyumba. Viazi vyaweza kulipa mkopo, ukuta hauwezi.

Kuhusu ujenzi wenyewe watu wetu hawana haja ya mwalimu. Kwanza kiwanja, au parseli kama tusemavyo. Kisha matofali kidogo kidogo. Kisha nyumba ndogo ya vyumba viwili upande wa nyuma, jamaa ihamie humo na kodi ikome, na ile dola 20 ya kila mwezi igeuke saruji ya nyumba kubwa. Kosa la wengi ni kusimamisha kuta za matofali mabichi kabla ya kuwa na mabati, yale manjanja. Mvua ya Septemba ikianza, kuta zarudi kuwa tope. Kosa la pili ni kununua kiwanja wakati wa jua. Milima ya Butembo ina mabonde yanayoliwa na maji kila mwaka. Nenda ukakitazame kiwanja mvua inaponyesha, ukiwa na mwavuli, uone maji yapita wapi.

Lakini liko jambo moja ambalo watu hodari katika hayo yote hulidharau, nalo ni karatasi. Sheria ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na Mkongomani aweza kupewa haki hiyo milele. Haki hiyo yathibitishwa na hati ya uandikishaji, itolewayo na mwandikishaji wa hati za viwanja, yule waitaye konservateri. Karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi mbele ya chifu wa mtaa ni mwanzo mzuri, lakini si hati. Wala mbuzi aliyepelekwa kwa chifu wa kilima si hati, hata kama babu zetu waliishi kwa heshima ya mbuzi huyo.

Njia yake ni ndefu: wapimaji waje, mipaka iwekwe mawe, upewe mkataba wa muda usiozidi miaka 3, ujenge, ukaguliwe, ndipo upewe hati. Kila mlango una gharama yake, na si kila gharama ina risiti. Ndiyo maana wengi huishia katikati, wakisema: Jirani wote wanijua. Wajue wasomaji wetu kwamba hati hiyo, ikisha timiza miaka 2, kwa kawaida haiwezi kubatilishwa tena. Hiyo ni ngome kwa mwenye nayo. Ni hatari pia: akitokea mwingine akaandikisha kiwanja chako kwa jina lake nawe umekaa kimya, miaka miwili yapita upesi. Basi katika lile daftari liwepo fungu la hati, tangu mwezi wa kwanza, kama lilivyopo fungu la mabati.

Na jina la nani liandikwe? Hapa tutawaudhi baadhi ya wazee. Tumewaona wajane ambao, mazishi hayajatimiza mwezi, ndugu za marehemu wamefika kupima vyumba kwa hatua za miguu. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyotengenezwa upya 2016, haiwapi haki hiyo. Waliooana kisheria bila kuchagua utaratibu mwingine, mali waliyoipata katika ndoa ni ya wote wawili. Na anayebaki hai ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Lakini sheria humtetea kwa urahisi yule ambaye ndoa yake imeandikwa kwa mwandikishaji wa serikali, si kanisani na kwa posa peke yake. Bwana ampendaye mkewe na aende naye ofisini siku ya mapimo, na majina yote mawili yaandikwe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Twasikia msomaji akituuliza: Vita je? Nani ajenge katika Lubero yetu? Swali hilo si la mzaha. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa upande wa Beni; na Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, na Kirumba baada yake, barabara ya kwenda Lubero na Butembo ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Wengi waliacha nyumba walizozijenga kwa miaka kumi. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba ukuta wake hautaanguka. Twaweza kumwambia tu kwamba hati hutengenezwa nakala mbili: moja hubaki katika kitabu cha ofisi, ya pili hupewa mwenyewe. Yake aifunge katika plastiki, aiweke pamoja na kadi ya mtoto ya chanjo, katika ule mfuko ambao bibi huushika wa kwanza wanapoambiwa wakimbie.