Sumu ya Mti Inavyoifanya Seli Ijiue

Mti wa Camptotheca acuminata, wenye asili ya China, una sumu iitwayo kamptothesini, iliyotangazwa mwaka 1966 na wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wa Marekani. Sumu hii haiipasui seli. Hukinasa kimeng'enya cha topoisomerasi I, ambacho hukata uzi mmoja wa DNA, hulegeza msokoto, kisha huunganisha tena. Kikinaswa, uzi hubaki umekatika; seli inapoinakili DNA yake ili igawanyike, mkato huo huwa jeraha kubwa, na seli iliyoshindwa kujitibu huanzisha yenyewe mpango wake wa kufa. Seli za saratani hugawanyika bila kukoma, ndiyo maana huumia zaidi.

Basi kwa nini tusichemshe magome tukanywa? Swali ni la haki, ila ushahidi unalikataa wazo hilo. Katika majaribio ya miaka ya 1970 kamptothesini iliwadhuru wagonjwa vibofu, na pia uboho, ambao seli zake zenye afya nazo hugawanyika. Ilibidi molekuli irekebishwe hadi zikapatikana topotekani na irinotekani, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1996, na hata hizo hutolewa kwa vipimo chini ya uangalizi. Mgonjwa wa saratani asiache matibabu kwa ajili ya dawa ya kuchemsha, na amweleze daktari kila mti anaoutumia.