Neti ya kioo ndani ya lipu

Fundi lipu alipitisha ukucha chini ya uzi mmoja wa neti, akauvuta. Haukusogea. Akachukua kipande kingine, cha bei nafuu, akavuta tena: uzi ukahama, tundu moja likapanuka na la jirani likabanwa. Hicho, alisema, hakiingii kwenye ukuta wake.

Tangu hapo sijaacha kuitazama neti hiyo. Uzi wa kioo huteleza, na matundu ni mapana, milimita 4 au 5. Nini kinauzuia usihame?

Siri iko kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu. Katika kitambaa cha kawaida kila uzi wa mtande hupita peke yake, na nyuzi hushikana kwa kusongamana. Neti haina msongamano, kwa hiyo nyuzi zake za mtande huenda mbili mbili. Uzi mmoja hunyooka. Mwenzake huvutwa kushoto kwa ule wa kwanza, mshindio, yaani uzi wa upana, ukapita kati yao, kisha huvuka kurudi kulia na mshindio wa pili ukapita. Kila mshindio hubaki umekabwa. Fundi hajawahi kuiona mashine hiyo, lakini vidole vyake vilinionyesha vizuri: ni kama kusokota kamba huku ukipachika kijiti katika kila msokoto.

Kisha neti huchovywa kwenye mpako wa plastiki, hukamuliwa kati ya roli na kukaushwa kwa joto. Mpako hugandisha makutano ya nyuzi, tena huwa ngao. Fundi alifungua viganja vyake vilivyochubuka. Saruji mbichi inayomla yeye, alieleza, inakula pia kioo. Ni kweli: alikali ya saruji hudhoofisha kioo cha kawaida. Mwaka 1971 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilianza kuuza nyuzi za kioo chenye zirkonia, kinachoistahimili zaidi, lakini ni ghali. Neti nyingi za lipu bado zinategemea mpako.

Na mpako haupimiki kwa ukucha. Rangi yake, iwe buluu au nyeupe, haisemi lolote. Ulaya neti hulowekwa siku 28 kwenye maji yenye alikali, na ikitoka lazima ibaki na angalau nusu ya nguvu yake. Roli ya neti aliyonunua fundi huyu haikuwa na maandishi ya kipimo chochote. Anauliza nani ameiloweka. Anauliza pia, ukuta ukipasuka baada ya miaka mitano, mwenye nyumba atampigia simu nani kama si yeye?