Saa Chache Zisizokumbukwa

Mzee wa miaka 60 na ushei atoka kuoga baharini asubuhi ya baridi. Ajifuta maji, avaa nguo, kisha amgeukia mkewe: “Mama Zuhura, hapa tumefikaje?” Mkewe amjibu. Haipiti dakika mbili, auliza tena kwa maneno yale yale. Na atauliza hivyo hata alasiri. Jina lake alijua, jamaa zake awatambua. Kilichomponyoka ni uwezo wa kuhifadhi jambo jipya, pamoja na baadhi ya mambo ya siku za nyuma. Wako watakaonong’ona kwamba amerogwa. Wengine watasema ni kiharusi. Aghalabu si hili wala lile.

Hali hii, yaani amnezia kamili ya muda, ilielezwa kwa jina hilo na C. Miller Fisher na Raymond Adams, madaktari wa Boston, Marekani, katika andiko lao la mwaka 1964. Huwapata zaidi watu wa miaka 50 hadi 70, pengine baada ya kuingia ghafula katika maji baridi, kufanya kazi nzito, au kupokea habari ya kushtua. Hudumu saa chache. Ikipita saa 24, hapana budi kutafuta maradhi mengine.

Kiini chake ki katika hipokampasi, sehemu mbili ndogo za ubongo, moja kila upande, zilizoitwa hivyo kwa kufanana na farasi wa baharini. Kazi yake ilidhihirika baada ya mwaka 1953, Henry Molaison alipopasuliwa huko Hartford ili kutuliza kifafa. Sehemu kubwa ya hipokampasi zake iliondolewa, naye hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake hadi alipofariki mwaka 2008. Kwa wagonjwa wa muda, picha za mashine ya sumaku zinazopigwa siku moja hadi tatu baada ya tukio mara nyingi huonyesha humo vidoa vya milimita chache, ambavyo baadaye hutoweka. Chanzo chake wataalamu wangali wakibishania.

Usahaulifu utokanao na dhiki ya nafsi una sura nyingine kabisa. Hapo mtu husahau jina lake na kwao, lakini akielezwa jambo jipya hulishika. Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza, alitoweka mwezi Desemba 1926, akaonekana baada ya siku 11 katika hoteli ya Harrogate, akitumia jina lingine. Madaktari walisema amepoteza kumbukumbu. Magazeti yakadai ni hila. Dhana hiyo ya hila bado huwaandama wagonjwa wengi, nayo ni dhuluma: ubongo usio na jeraha waweza kufunga mlango ambao mwenyewe hawezi kuufungua kwa kutaka tu.

Hata hivyo, jamaa wasikae wakibashiri. Upungufu wa sukari mwilini, malaria iliyopanda ubongoni, jeraha la kichwa na kiharusi huweza kuanza kwa kuchanganyikiwa vivyo hivyo, na baadhi yake huua. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, afuatane na aliyeshuhudia mwanzo wa tukio, kwa kuwa yeye mwenyewe hataweza kulisimulia. Mzee wa baharini huamka kesho yake akiwa mzima, na kwa wengi hali hiyo hairudi tena. Zile saa za pwani, lakini, atazijua kwa kinywa cha Mama Zuhura tu.