Amplifaya ya Mzee Isiuzwe kwa Kilo: Namna ya Kuiunganisha na Simu au Strima



Katika nyumba nyingi za Likoni, kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu, utakuta amplifaya ya zamani imefunikwa kitambaa au imesukumwa chini ya kitanda. Nyingine zilinunuliwa mjini wakati wa santuri na kaseti. Nyingine zililetwa na jamaa waliofanya kazi melini au Uarabuni. Siku hizi vijana wasikiliza muziki kwenye simu, na ile amplifaya yaonekana mzigo. Mnunuzi wa vyuma akipita na mkokoteni, mzee apewa pesa ya sukari na majani ya chai, basi, chombo kimekwenda.

Hiyo ni hasara. Amplifaya haijali muziki watoka wapi. Kazi yake ni kupokea umeme mdogo uliobeba sauti, kuukuza, na kuupeleka kwenye spika. Zamani umeme huo ulitoka kwenye kaseti. Leo waweza kutoka kwenye simu, au kwenye strima, yaani kisanduku kidogo kinachopokea muziki wa intaneti kwa Wi-Fi. Kinachotakiwa ni waya unaofaa kwenye tundu linalofaa. Lakini ukikosea, waweza kuunguza chombo au hata kupoteza maisha. Kwa hiyo tufuate hatua moja baada ya nyingine.

1. Anza na umeme wa ukutani

Kabla ya kuchomeka kitu chochote, geuza amplifaya usome maandishi ya nyuma. Umeme wa Kenya ni volti 240. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani chataka volti 100, na cha Marekani volti 120. Huko Saudi Arabia, kwa miaka mingi kulikuwa na nyumba nyingi zilizotumia volti 127. Ukichomeka chombo cha namna hiyo kwenye ukuta wa Likoni, chaungua papo hapo. Amplifaya nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Iweke kwenye 220 au 240 kabla ya kuwasha. Kama haina, tafuta transfoma ya kupunguza umeme.

Tazama pia waya na plagi. Waya uliopasuka ubadilishwe. Plagi zetu za pini tatu mara nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13, lakini amplifaya ya nyumbani kwa kawaida yatosheka na fyuzi ya 3. Usiweke karatasi ya sigara wala uzi wa waya mahali pa fyuzi, kwa maana hapo umeondoa mlinzi mlangoni. Na usiifungue amplifaya ati kwa sababu umeichomoa. Ndani mna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Kazi hiyo mwachie fundi wa redio.

2. Chagua tundu linalofaa

Nyuma ya amplifaya kuna matundu yenye majina. Tafuta palipoandikwa AUX, TUNER, TAPE au CD. Yoyote kati ya hayo yafaa. Kwenye TAPE, tumia upande wa kuingiza sauti, ule ulioandikwa IN au PLAY, si ule wa kurekodi.

Tundu la PHONO liache kabisa. Hilo ni la sindano ya santuri, inayotoa kama milivolti 5 tu, kwa hiyo amplifaya huikuza sana na kuongeza besi. Strima hutoa hadi volti 2, yaani mara mia nne zaidi. Ukiichomeka hapo utasikia makelele ya kukwaruza, na spika zaweza kuharibika. Kosa kama hilo hutokea kwenye amplifaya za ukumbini: simu huchomekwa kwenye tundu la maikrofoni, MIC, kisha watu walalamika kwamba kwaya yasikika kama iko ndani ya debe. Tafuta AUX.

3. Waya wenyewe

Kama simu ina tundu la hedifoni, nunua waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili upande wa pili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni spika ya kulia, nyeupe ni ya kushoto. Kama simu haina tundu hilo, kuna adapta ya kuchomeka mahali pa chaji, au risiva ndogo ya Bluetooth inayokaa kwenye amplifaya na kupokea muziki bila waya. Strima nyingi zina matundu mekundu na meupe tayari.

Amplifaya nyingi za zamani kutoka Ulaya, kama Philips na Grundig, zina tundu la duara lenye vijishimo vitano. Usikate tamaa. Waya wake bado wapatikana, au fundi aweza kukulehemea. Mwambie hivi: kijishimo namba 2 cha katikati ni ardhi, namba 3 ni kushoto, namba 5 ni kulia. Asome namba kwenye plagi yenyewe, kwa maana hazikupangwa kwa mfuatano.

4. Kuwasha

Unganisha kila kitu amplifaya ikiwa imezimwa na voliumu iko chini kabisa. Washa. Pandisha sauti ya simu hadi kama robo tatu, kisha ndipo uzungushe ya amplifaya kidogo kidogo. Ukitumia strima, punguza sauti kwenye strima yenyewe, kwa kuwa AUX ya zamani mara nyingi ilitengenezwa kwa chini ya robo volti.

Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya simu kwanza. Mara nyingi mngurumo huisha hapo hapo. Ukibaki, huenda kapasita zimekauka, mwone fundi. Ukisikia mikwaruzo unapozungusha voliumu, hiyo ni chumvi ya bahari yetu na kutu. Fundi atapuliza dawa ya kusafishia umeme na kazi itakwisha.

Wala usiongeze spika ovyo. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba pamoja huwa omu 4. Ukiongeza tena na tena, amplifaya yachemka na kuungua. Ya sebuleni si ya mkutano wa injili uwanjani.

5. Na bando je?

Muziki wa ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, hula kama megabaiti 144 kwa saa. Ukiushusha hadi kilobiti 96, ni kama megabaiti 43 tu. Afadhali zaidi, pakua nyimbo mahali penye Wi-Fi, kisha usikilize nyumbani bila gharama.

Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, hakuacha makombo yatupwe. Aliagiza yaokotwe yote. Nasi tusiwe wepesi wa kutupa. Spika nzuri za zamani, zikipata waya mmoja tu, zaweza kutumikia mazoezi ya kwaya, shule ya Jumapili, hata mzee anayependa taarabu yake jioni na jirani anayesikiliza kaswida. Wewe kijana unayejifunza ufundi wa umeme, hapo pana riziki: wazee wengi wana chombo, wanachokosa ni mtu wa kuwaunganishia.

Basi mnunuzi wa vyuma akipiga hodi, mwambie angoje. Geuza kwanza amplifaya, usome nyuma.